Ukingo wa Mto Sio: Shamba ni Lako, Kulima Kuna Mpaka

Mto Sio huanzia Kaunti ya Bungoma, hupita Nambale na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria. Sehemu yake ya chini ni mpaka wa Kenya na Uganda.

Wenye mashamba kando ya mto huuliza kama serikali inachukua ardhi ya ukingo. La. Kanuni za rasilimali za maji hazibadilishi umiliki. Zinaweka masharti ya matumizi.

Kipimo ni upana wa mto wenyewe, lakini si chini ya mita 6 wala zaidi ya mita 30, kila upande. Kijito cha mita 3 huachiwa mita 6. Mto wa mita 15 huachiwa mita 15. Ndani ya eneo hilo hairuhusiwi kulima, kufyeka miti ya kiasili, kujenga nyumba ya kudumu, kuchimba udongo wala kutupa taka.

Sababu ni kwamba mizizi hushika udongo. Ukingo ukilimwa, mvua za Machi hadi Mei husomba udongo na mbolea hadi mtoni. Maji ya kuteka huchafuka, mto hupungua kina, na mafuriko hurudi kwenye mashamba yale yale.

Sheria ya Maji ya 2016 inawapa wakazi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Asiye na hakika ya mpaka wake aulize chama cha eneo lake au Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kulima.