Nimshukuru kwa lipi, Padre?



Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mazishi ya kijana mmoja, nilimwambia mama yake: "Mama, tumshukuru Mungu kwa yote." Aliniangalia kwa macho makavu, akauliza: "Nimshukuru kwa lipi, Padre?" Sikuwa na jibu. Teolojia niliyoisoma seminarini miaka mingi iliishia pale kaburini.

Swali lake lilinirudisha kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5. Paulo anatuhimiza tuwe watu wa shukrani, na katika Kigiriki chake anasema ni katika kila hali. Hatuagizi kuuita msiba baraka.

Mtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudani, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa utumwani zaidi ya mara moja. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Neno letu "bahati" lina asili hiyohiyo. Mtoto huyo "mwenye bahati" alichanjwa mwili kwa wembe, na majeraha yakasuguliwa chumvi.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia. Mwaka 1889 mahakama ilitamka kwamba yu huru, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Kabla ya hapo, bwana kwake alikuwa mtu mwenye mjeledi. Sasa alimjua Bwana ambaye naye alipigwa mijeledi, na aliyempenda siku zote.

Baadaye Bakhita alisema kwamba angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa kupitia njia ile alimjua Kristo. Tusimwelewe vibaya. Utumwa ulibaki kuwa uovu, ila haukuweza kumtenga na Mungu. Tena, maneno yale aliyasema yeye mwenye makovu. Mimi na wewe hatuna ruhusa ya kumwekea mdomoni mtu anayeumia shukrani ambayo bado hajaifikia.

Hilo ndilo kosa langu la siku ile. Nilidai shukrani kutoka kwa mama aliyekuwa anahitaji mtu wa kulia naye. Unyenyekevu mbele za Mungu una pande mbili: anayeteseka ampelekee Mungu hata swali lake, na anayemtazama ajue kunyamaza.

Bakhita alijiunga na masista Wakanosa, akawa mpishi, mtunza sakristia na bawabu wa konventi huko Schio, hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Mwaka 2000 Kanisa lilimtangaza mtakatifu.

Baada ya arobaini nilirudi kwa yule mama. Sikuhubiri, tulisali rozari tu. Nilipoaga, alisema mwenyewe: "Padre, namshukuru Mungu kwa miaka 19 niliyoishi na mwanangu. Hayo mengine bado namwuliza."

Ndugu yangu, ile ilikuwa sala kamili. Kama leo umekuja kanisani ukiwa na ada usizozilipa, mgonjwa nyumbani au kaburi bichi, usijilazimishe kutabasamu. Tafuta jambo moja tu unaloweza kulishukuru kwa kweli, uliweke altareni pamoja na maswali yako. Bwana atayapokea yote mawili.

Dominika njema.