Ridhaa na Ajira: Umri na Kazi za Wapenzi wa Redio

Utangulizi

Katika jamii nyingi mtu hutambulishwa kwa kazi yake. Mgeni akiulizwa yeye ni nani, hujibu kwamba ni mwalimu, fundi, mkulima au karani. Ni nadra ajitambulishe kwa jambo alipendalo. Hata hivyo, lipo kundi la watu waliotawanyika kote duniani ambao wakikutana hewani hutaja kwanza alama zao za utambulisho, kisha mahali walipo, na habari za kazi hufuata baadaye, ikiwa zitafuata. Hawa ni wapenzi wa redio. Huunda au hununua mitambo ya kupokea na kurusha mawimbi, hupewa leseni na serikali zao, kisha huwasiliana na wenzao wa karibu na wa mbali pasi na malipo. Kenya nayo imo katika orodha hiyo: alama za wapenzi wa redio wa hapa nchini huanza kwa 5Z4, na kabla ya uhuru zilianza kwa VQ4.

Makala haya yanachunguza maswali mawili. Je, watu hawa huanza shughuli hii wakiwa na umri gani? Na je, mapenzi yao yana uhusiano gani na kazi zinazowapa riziki? Hoja yetu ni kwamba ridhaa huitangulia ajira, huandamana nayo, na huendelea inapokoma. Katika hatua hizo tatu, ile ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo iliyo hatarini.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi. Baadhi ya watu wangependa kumwita mtu wa aina hii 'mwanagenzi'. Neno hilo lina kasoro: mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi na ambaye bado hajaimudu. Tutakavyoona, wapenzi wa redio kadhaa walikuwa mabingwa kuliko waajiriwa wa fani hiyo. Neno 'ridhaa', ambalo wapenzi wa kandanda wamezoea kulisikia likitajwa kuhusu wachezaji wasiolipwa, linafaa zaidi. Msingi wake ni kuridhia, yaani kufanya jambo kwa hiari ya moyo.

Maana hii inakubaliana na kanuni za kimataifa. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zinaieleza huduma hii kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, kwa lengo la kibinafsi na bila maslahi ya fedha. Maelezo hayo hayataji umri wala shahada. Nchini Marekani, kwa mfano, hakuna umri wa chini uliowekwa. Anayefaulu mtihani hupewa leseni, awe mtoto wa shule ya msingi au mzee wa miaka themanini.

Ridhaa Kabla ya Ajira

Historia ya redio imejaa vijana. Guglielmo Marconi, aliyezaliwa mwaka 1874, alifanya majaribio yake ya mwaka 1895 nyumbani kwao karibu na Bologna, Italia, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja hivi. Edwin Howard Armstrong alianza kuunda mitambo akiwa kijana mdogo katika nyumba ya wazazi wake mjini Yonkers, Marekani. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alivumbua saketi iliyoongeza mno nguvu ya mawimbi dhaifu. Ni Armstrong huyo huyo aliyepata hataza za mfumo wa FM mwaka 1933, mfumo unaotuletea matangazo mengi ya Kiswahili hadi leo.

Jack Kilby naye alipata kuipenda elektroniki akiwa mwanafunzi wa shule ya upili huko Kansas. Baba yake alisimamia kampuni ya umeme. Dhoruba ya barafu ilipokata nyaya za simu na za umeme, mzee huyo aliwategemea wapenzi wa redio ili kupata habari za wateja wake. Kijana aliyaona hayo, akaomba leseni yake mwenyewe. Mwaka 1958 alibuni saketi unganishi, ambayo ni msingi wa kompyuta na simu za rununu, na mwaka 2000 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alipata leseni ya redio akiwa angali katika shule ya msingi.

Mifano hii inadhihirisha mfuatano wa mambo. Aghalabu tunafikiri kwamba mtu husomea uhandisi kwanza, ndipo akawa na mazoea ya kuchokora mitambo. Kwa watu hawa ilikuwa kinyume: mikono ilitangulia, vitabu vikafuata, ajira ikaja mwisho. Udongo ulifinyangwa ungali maji.

Ridhaa Kando ya Ajira

Si kila mpenzi wa redio huishia kuwa mhandisi. Tazama chama cha wapenzi wa redio wa Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1914 mjini Hartford. Mwasisi mmoja, Hiram Percy Maxim, alikuwa mhandisi na mvumbuzi mwenye umri wa miaka arubaini na minne. Mwenzake, Clarence Tuska, alikuwa kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini. Katika shughuli nyingine yoyote ya zama hizo, mmoja angekuwa bwana na mwingine mtumishi. Katika redio walikuwa washirika.

Mfano ulio bora zaidi ni wa tarehe 18 Oktoba 1924. Siku hiyo Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka kumi na minane katika shule ya Mill Hill, London, aliwasiliana na Frank Bell, mkulima na mfugaji wa kondoo katika bonde la Shag, New Zealand. Hayo yalikuwa mawasiliano ya kwanza ya redio ya pande mbili baina ya Uingereza na New Zealand, umbali wa kilomita zipatazo 18,000. Wakati huo wapenzi wa redio walikuwa wameachiwa mawimbi mafupi kwa sababu wakubwa waliyadhania kuwa hayana faida. Kumbe mawimbi hayo yakirushwa hupinda angani na kurudi ardhini, na hivyo kuizunguka dunia. Jambo hilo lilithibitishwa na mwanafunzi na mfugaji!

Yaliyofuata yanafaa kuzingatiwa. Goyder alifanya redio kuwa kazi yake, akawa mhandisi mkuu wa redio ya taifa ya India. Bell alirejea kwenye kondoo wake, na mitambo ikachukuliwa na dada yake, Brenda, anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa New Zealand kushiriki katika shughuli hii. Mapenzi yalikuwa yale yale, lakini matokeo katika ajira yalikuwa tofauti.

Wasomi wa fasihi hawapaswi kushangazwa na hali hii. Shaaban Robert alikuwa karani katika idara ya forodha ya Tanganyika toka mwaka 1926 hadi 1944. Mshahara wake ulitokana na forodha ilhali jina lake limetokana na tungo. Hakuna anayemwita mwanagenzi wa ushairi kwa sababu hakuajiriwa kutunga.

Ridhaa Baada ya Ajira

Hatua ya tatu ni ya uzeeni. Joseph Taylor alipata leseni akiwa kijana, akawa profesa wa fizikia, na mwaka 1993 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa pamoja na Russell Hulse. Mwaka 2001 alianza kuwatolea wapenzi wenzake programu za kompyuta zinazonasa mawimbi dhaifu yasiyosikika kwa sikio. Mwaka 2017, akiwa amestaafu na umri wake umepita miaka sabini na mitano, yeye na Steve Franke walitoa mfumo uitwao FT8, ambao hupeleka ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde kumi na tano. Mfumo huo ulienea duniani kwa haraka kubwa.

Changamoto ya Kizazi

Ikiwa wazee bado wana ari, basi tatizo li wapi? Liko mlangoni mwa kuingilia. Japani ilikuwa na leseni zaidi ya milioni 1.3 katikati ya miaka ya tisini; leo idadi hiyo imeporomoka hadi chini ya laki nne. Simu ya rununu imeondoa maajabu ya kusikia sauti ya mtu wa mbali, na vifaa vimekuwa vidogo mno hata havifunguki kwa bisibisi. Kulegezwa kwa masharti hakukutosha kuwa dawa: mwaka 2003 sharti la kimataifa la kujua alama za Morse liliondolewa, na bado leseni za Japani ziliendelea kupungua.

Wahadhiri wa Cambridge, Uingereza, waliiona dalili kama hiyo katika fani ya kompyuta. Waombaji walikuwa wakipungua, na waliokuja hawakuwa wamewahi kuchezea mashine kwa mikono yao. Jibu lao lilikuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotolewa mwaka 2012 kwa bei ya dola 35, ili mtoto apate kitu ambacho hataogopa kukiharibu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ridhaa ya redio haina umri wala tabaka la kazi, ila ina umri wa kuanzia: mara nyingi ni utotoni au ujanani. Swali lililo mbele yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni hili: mtoto wa miaka kumi na miwili wa Kitui au Kilifi atakayetaka kujua antena hufanyaje kazi, ataelezwa kwa lugha gani? Umri huo ndio ambao maelezo ya lugha ngeni huzima shauku kabla haijawaka.

Kwa hivyo, tunapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na wanafunzi wa uhandisi kuandika vijitabu vifupi: jinsi ya kuunda redio ndogo, jinsi mawimbi yanavyosafiri, jinsi leseni inavyoombwa. Kazi hiyo haitakuwa na mshahara. Nasi tutaifanya kama Bell alivyofanya ya kwake, baada ya kondoo kulala.