Kitumbua cha Ng'ambo na safari ya pwani

Kijana alikuwa amerudi kutoka Zanzibar wiki ile ile, likizo aliyoiwekea akiba mwaka mzima. Mguu mmoja juu ya benchi, anawapa wenzake habari za Forodhani: urojo wa moto uliojaa bajia na kachori, pweza wa mshikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. "Vyakula vya pwani bwana, huku kwetu hatuna," akasema, huku mkono wake ukiingia kwenye sinia kuchukua kitumbua kingine.

Mama mwenye sinia alicheka kwa pua tu, akaendelea kugeuza.

Kauli ile ndiyo iliyonikalisha kwenye benchi la mama huyo, kata ya Ng'ambo, Tabora mjini, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Bahari ya Hindi. Kitumbua ni mchele na nazi. Mchele si tatizo, mkoa unalima mpunga. Lakini nazi? Tabora si nchi ya minazi, na bado asubuhi hapa haijakamilika bila kitumbua na chai ya rangi.

Kazi yake huanza jana yake jioni. Mchele unalowekwa, usiku wa manane unasagwa na tui zito, unatiwa sukari, hamira na iliki iliyotwangwa palepale, kisha unafunikwa uumuke. Hafuati saa. Anafunua, anainamisha sikio juu ya sufuria: uji ulioiva kuumuka, anasema, unanong'ona. Usiponong'ona, hawashi mkaa. Kisha chuma kinatengwa jikoni, kila kishimo kinapewa mafuta kidogo, upawa unapita. Pembeni uji unashika rangi, katikati bado unatokota kwa vitundu vidogo vidogo, na hapo ndipo kijiti chake kinapoingia ubavuni na kukipindua kitumbua kwa mara moja. Hakiguswi tena. "Kitumbua hakipendi kubabaikiwa," ananiambia. "Ukikigeuza mara mbili, kinakunywa mafuta yote, halafu mteja anasema mama leo umelala."

Nazi zake hutoka Pwani, hupanda gari au treni, na bei hubadilika jinsi muuzaji alivyoamka. Zikiadimika hutumia maziwa ya ng'ombe. Wateja wanajua kwa tonge la kwanza. "Wananiambia, mama, leo hukufika pwani."

Yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Kupika alifundishwa na bibi yake, naye bibi alifundishwa hapa hapa mjini. Nilipomuuliza bibi wa bibi alijifunzia wapi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Sisi ni watu wa safari, mwanangu. Watu walikwenda, walikula, walirudi."

Na kweli walikwenda. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, Wanyamwezi walishuka Bagamoyo kwa miguu kila kiangazi, mizigo mabegani, wakijitahidi kurudi mvua za kulima zisiwapite. Kijana ambaye hajafika pwani alichekwa na rika lake. Safari ile ilikuwa sehemu ya kuwa mwanamume. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia hapa Novemba 1857, walikuta Waarabu wamekwisha kujenga, na miembe ya zamani inayotupa kivuli mpaka leo inahusishwa na misafara hiyo. Haya tumeyasoma shuleni. Tulisoma pembe, shanga na nguo. Nani aliyepandisha chuma cha vitumbua? Mpagazi aliyeonja Bagamoyo akatamani? Mwanamke wa pwani aliyeolewa huku? Wanawake walikuwamo misafarani, wakipika kila kambi, lakini tulikaririshwa majina ya waliobebewa mizigo.

Nusu ya pili ya sinia la mama haina bahari ndani yake. Imejaa matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi ya kiatu. Unatafuna polepole pamoja na karanga za kukaanga, na utamu unakuja baadaye sana, ukiwa umeshakata tamaa. Mama anasema hiki ndicho chakula cha njiani, hakiozi, na wazee wake walisafiri nacho. Mimi namwamini, na kwangu ndicho kizuri zaidi mezani pake, ingawa vijana hawakigusi. Yule aliyetoka Zanzibar nilimsogezea kipande. Akakirudisha kwa adabu, akasema hicho ni cha bibi zetu.

"Hawa wanalipa nauli wakale urojo," mama akasema baada ya wao kuondoka, akifuta chuma kwa kitambaa. "Sawa, wale, dunia ni kutembea. Lakini wa Zanzibar akija kwangu, atakula nini ambacho hana kwao? Si hiki?" Akagonga matobolwa kwa kijiti.

Hakuna anayekuja, angalau si kwa ajili ya chakula. Wageni wachache huenda Kwihara, nje ya mji, kuona tembe alilokaa mpelelezi Livingstone, wanapiga picha, wanawahi usafiri wao. Benchi la Ng'ambo halimo katika ratiba ya mtu.

Ukipita Tabora, liweke kwenye yako. Fika kabla ya saa mbili asubuhi kama unataka kitumbua. Matobolwa yatakuwapo mpaka jioni.