IULIZE TARAKILISHI YENYEWE

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kinachojitembeza sana ni tarakilishi iliyokwisha kutumika ng'ambo, ikapanguswa vumbi na kubandikwa kibandiko kinachong'aa. Nia yangu katika makala haya ni kuwaeleza jinsi ya kuiuliza mashine yenyewe ina nini tumboni, badala ya kumsadiki muuzaji.

Kwanza tuelewane. Maunzi ni sehemu zinazoshikika kwa mkono, kama vile kiwambo, diski, betri na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Programu ni maagizo yaliyomo ndani, hayashikiki. Programu iliyo kuu ni mfumo wa uendeshaji, kwa mfano Windows.

Sasa basi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R. Kijisanduku kitatokea. Andika msinfo32, kisha ubonyeze Enter. Itafunguka orodha ndefu, lakini usibabaike. Tazama mambo matatu.

La kwanza ni "Processor". Usitosheke na neno i5. Soma nambari inayofuata. i5-6300U ni ya kizazi cha sita, kilichoanza kutoka 2015. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, cha 2017. Zote ni i5, lakini si hali moja hata kidogo.

La pili ni "Installed Physical Memory", yaani RAM, kumbukumbu ya muda ambayo mashine hutumia inapofanya kazi. La tatu ni "BIOS Version/Date". Ikiwa tarehe ni ya 2014 naye muuzaji anaapa kuwa mashine iliundwa 2020, hapo pana jambo.

Kwa upande wa diski, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uchague "Performance". Utaona kama ni HDD, ile ya kuzunguka, au SSD, ambayo ni nyepesi zaidi kwa kasi. Ukiona diski ya GB 500 ikijitaja kuwa 465, usidhani umeibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024.

Betri nayo ina siri zake. Andika cmd katika kile kijisanduku cha kwanza, kisha powercfg /batteryreport. Mashine itakuonyesha mahali ilipoihifadhi ripoti. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000, betri hiyo imebakiwa na asilimia 40 tu ya nguvu zake.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu, aliyetaka mashine ya kuanzishia kazi ya kupiga chapa. Kibandiko kilisema RAM ni GB 8. Nilipoanza kubonyeza, muuzaji akacheka, "Aah, kijana, umekuja kununua ama kufanya mtihani?" Mjomba akamjibu, "Mwache aangalie, pesa ni zangu." Kumbe ilikuwa GB 4! Mjomba alirudisha noti zake mfukoni, tukaaga kwa heshima.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi sote. Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Andika winver ujue una toleo gani. Windows 11 yahitaji RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho utakikagua kwa kuandika tpm.msc. Tena, kwa prosesa za Intel, zinazokubaliwa ni hasa za kizazi cha nane kuendelea. Kwa hivyo ile i5 ya 2015, hata iwe na sura nzuri namna gani, imeachwa nyuma.

Wenzangu, naomba tuanzie hapa shuleni. Kila kikundi kichukue daftari, kiandike prosesa, RAM, diski na toleo la Windows la kila mashine iliyomo katika chumba chetu cha tarakilishi. Walimu watajua ipi ya kuongezwa RAM na ipi ya kustaafishwa, na pesa za wazazi wetu hazitapotea bure. Kuuliza si ujinga.

Chama cha Kiswahili kidumu!