Wakongomani wa Kentucky: Wanaishi Wapi, na Kwa Nini Huko

Ukiuliza Zongwe au Kalemie mjini habari za ndugu aliyevuka ziwa Tanganyika wakati wa vita, mara nyingi utajibiwa kwa kifupi: yuko Amerika. Jibu hilo linaficha mengi. Marekani ina majimbo 50, na mji anaokaa mtu ndio unaoamua anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani, watoto wake wanasoma na nani, na kama Jumapili atasali kwa Kiswahili. Hapa tunaeleza jimbo moja tu, Kentucky, ambako Wakongomani wa mashariki wamekuwa wengi katika miaka ya karibuni. Anayelielewa jimbo hilo atayaelewa na mengine, maana mambo yalikwenda kwa utaratibu ule ule: mkimbizi alipelekwa penye ofisi ya kumpokea, alibaki penye kazi, na akihama alifuata ndugu.

Sura ya jimbo

Mpaka wote wa kaskazini wa Kentucky ni mto Ohio, unaotiririka kuelekea magharibi hadi kuingia Mississippi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 104,600, kwa hiyo ni dogo kuliko jimbo letu la Tanganyika, lenye karibu 135,000. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 4,505,836. Makao makuu ni Frankfort, mji mdogo ambao wageni wengi hawaufiki. Jimbo limegawanywa katika kaunti 120.

Mashariki kuna milima ya Appalachia, nchi ya makaa ya mawe. Katikati kuna nyanda za nyasi zinazofugiwa farasi wa mbio. Magharibi kuna mashamba ya mahindi, soya na tumbaku. Julai joto hupita nyuzi 30 na jasho hutoka kama kwetu kando ya ziwa, lakini Januari maji huganda na theluji huanguka. Mtu aliyelelewa Kigoma au Moba hujifunza upya hata namna ya kutembea barabarani asubuhi.

Walivyofika

Vita vya 1996 na vile vya 1998 viliwavusha maelfu kutoka Fizi, Uvira na Kalemie hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996. Lugufu nayo ilipokea wengi mpaka ikafungwa 2009, na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Watu wa Moba na Pweto wengi wao waliingia Zambia, wakakaa Mwange, Kala na Meheba. Wengine walikwenda Burundi, Uganda, au Dzaleka kule Malawi. Miaka ikapita, na waliofika kambini wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni wakazaa wa kwao huko huko.

Kambini, kabla ya 2025, safari ya kwenda Marekani ilianza na kile ambacho kila mtu anakiita kesi. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilipendekeza familia, maofisa wa Marekani waliihoji zaidi ya mara moja, madaktari waliipima, kisha IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, liliiandalia ndege. Mara nyingi kesi ilichukua miaka. Milango ilifunguka hasa katika miaka ya 2010. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea Wakongomani zaidi ya 16,000, wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Mwaka wa bajeti wa 2024 waliingia karibu 20,000.

Mwenye kesi hakuchagua mji. Kule Marekani mashirika ya kupokea wakimbizi yaligawana majina. Mwenye ndugu alipelekwa karibu na ndugu yake ilipowezekana, na asiye na mtu alipelekwa penye nafasi. Kentucky ina ofisi za namna hiyo katika miji michache tu, na miji hiyo ndiyo ramani ya Wakongomani wa jimbo zima.

Louisville

Louisville ndio mji mkubwa kuliko yote, ukiwa na watu zaidi ya 600,000 kando ya mto Ohio. Wasomaji wa umri mkubwa wanaujua bila kujua kwamba wanaujua. Muhammad Ali alizaliwa hapo tarehe 17 Januari 1942, akaja Kinshasa kupigana na George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, na mwaka 2016 akazikwa hapo. Uwanja wa ndege anaoshukia mkimbizi una jina lake tangu 2019.

Ofisi za kupokea wageni zilikuwa mbili: Kentucky Refugee Ministries, iliyoanzishwa 1990, na Catholic Charities ya Kanisa Katoliki. Nyumba walizotafutiwa ziko zaidi upande wa kusini wa mji, mitaa ya Beechmont na Iroquois, kwenye magorofa ya kupanga ambayo kodi yake ni nafuu na basi hupita karibu. Kabla yao walikaa hapo Wavietnam, Wabosnia, Wakuba na Wasomali. Kwa hiyo mama wa Kikongomani anayefungua mlango asubuhi anaweza kukutana na majirani wa nchi nne, kila mmoja na Kiingereza chake.

Kazi ziko viwandani na kwenye maghala. Ford ina viwanda viwili vya magari mjini humo. Kampuni ya vifurushi ya UPS imejenga kwenye uwanja wa ndege kituo chake kikubwa kuliko vyote duniani, kinachoitwa Worldport, na kazi yake kubwa hufanyika usiku. Ndege hushuka moja baada ya nyingine kuelekea usiku wa manane, mizigo hupita kwenye mikanda ya mashine, watu huinua, hugeuza na kusukuma, na kabla ya mapambazuko ndege zimeondoka tena. Baba anayefanya zamu hiyo huingia nyumbani wakati watoto wanavaa viatu vya shule. Ukimpigia simu asipokee, usiseme amewasahau. Amelala.

Lexington

Ukifuata barabara kuu ya I-64 kuelekea mashariki, baada ya kilomita kama 125 unafika Lexington, mji wa watu wapatao 320,000. Hii ndiyo nchi ya farasi. Udongo wake umekaa juu ya mawe ya chokaa, na wafugaji husema nyasi zake huwapa farasi mifupa imara. Uzio wa mbao unafuata barabara kwa kilomita nyingi, na ndani yake kuna wanyama ambao mmoja huweza kugharimu kuliko mtaa mzima wa nyumba.

Wakongomani wengi hawako kwenye mashamba hayo. Wako hotelini wakitandika vitanda, hospitalini wakifanya usafi au wakihudumia wagonjwa, kwenye maghala, na kwenye viwanda vya vipuri vinavyohudumia kiwanda cha Toyota cha Georgetown, kaskazini kidogo mwa mji, kilichoanza kutoa magari 1988. Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha kubwa za wageni katika shule za Lexington, hata barua za kwenda kwa wazazi hutafsiriwa. Lexington ni mdogo kuliko Louisville, na kwa hiyo watu wetu huonana kwa urahisi: msiba ukitokea, habari hufika kila nyumba siku hiyo hiyo.

Bowling Green na Owensboro

Kusini, kilomita kama 185 kutoka Louisville, kuna Bowling Green, mji wa watu 72,000 hivi. Ofisi yake, International Center, imepokea Wakambodia, kisha Wabosnia katika miaka ya 1990, kisha watu wa Burma, kisha Wakongomani. Ni mji wa viwanda. Magari ya Corvette yanaundwa hapo tangu 1981, na vipuri vya magari mengine hutengenezwa kandokando. Mwaka 2016 shule za kaunti zilifungua GEO International High School, sekondari ya vijana waliotoka nchi nyingine.

Tarehe 11 Desemba 2021, kabla ya alfajiri, kimbunga kilipita katikati ya mitaa ya Bowling Green na kuua watu 17 katika kaunti hiyo, baadhi yao wakiwa wahamiaji na watoto wao. Waliokimbia risasi walijifunza siku hiyo kwamba nchi ya amani nayo ina hatari zake, na kwamba king'ora cha hali ya hewa kikilia mtu hateremki barabarani kutazama, anashuka chini ya nyumba na watoto wake.

Kilomita kama 110 kaskazini magharibi mwa Bowling Green, tena kando ya mto Ohio, kuna Owensboro, ambako jamii yetu ni ndogo zaidi. Kati ya miji hii miwili, mahali panapoitwa Cromwell, pana kiwanda cha kuku cha Perdue. Wafanyakazi husafiri kwa kushirikiana gari moja, watu wanne au watano wakichanga mafuta. Ndani ni baridi kama friji. Mtu huvaa glavu mbili, aproni na buti za mpira, akasimama penye mkanda na kukata kwa mkono ule ule mpaka zamu iishe. Kazi hiyo haidai Kiingereza kingi, na hiyo ndiyo sababu wengi huianza. Sababu ya wengi kuiacha ni mkono unaouma usiku.

Jambo la kukumbuka kwa wanaopiga simu: Kentucky ina saa mbili tofauti. Wakati wa baridi, saa 2 usiku Kalemie ni saa 7 mchana Louisville na Lexington, lakini ni saa 6 mchana Bowling Green na Owensboro.

Ambako hawako

Katika milima ya mashariki, kwenye miji kama Hazard na Pikeville, ni vigumu kumkuta Mkongomani. Migodi imepunguza watu, hakuna ofisi ya kupokea wageni, na vijana wa huko wenyewe wanahama. Makaa ya mawe yaliwahi kuvuta watu huko, kama yale ya bonde la Lukuga yalivyowahi kuvuta wafanyakazi kwetu. Kazi ikiondoka, mgeni hana sababu ya kwenda.

Hili si jambo la Wakongomani peke yao. Ng'ambo ya mto, katika jimbo la Ohio, Wahangaria waliotoka Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita walijaza mtaa wa Buckeye Road mjini Cleveland kwa sababu viwanda vya chuma vilikuwa karibu. Walijenga makanisa, wakafungua maduka ya nyama ya kwao, na wajukuu wao wakatawanyika vitongojini walipopata mishahara mizuri. Kiwanda kiliwakusanya, na mafanikio yakawatawanya. Kentucky sasa iko kwenye hatua ya kwanza ya safari hiyo.

Maisha ya kila siku

Msaada wa kwanza wa ofisi ulikuwa wa siku 90: nyumba, vyombo, kadi za serikali, shule ya watoto, daktari. Baada ya hapo kodi ilikuwa ya mpangaji. Nauli ya ndege nayo ilikuwa mkopo usio na riba, na miezi sita baada ya kufika barua ya kuanza kuulipa huingia. Baada ya mwaka mmoja mkimbizi huomba kadi ya ukaazi wa kudumu, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia.

Kanisa ndilo linalowafunga pamoja. Makundi mengi huazima jengo la Wamarekani baada ya ibada yao ya asubuhi, na mchana kwaya huimba kwa Kiswahili na Kibembe kwa saa kadhaa. Baada ya ibada hutangazwa nani amejifungua, nani amefiwa, kampuni gani inatafuta watu. Sombe hununuliwa ikiwa imegandishwa, ndakala wakavu hupatikana kwenye pakiti katika maduka ya Waafrika, na bugali huiva jikoni kwa umeme.

Mlango uliofungwa

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Familia zilizokuwa na tiketi zilibaki Nyarugusu. Baba yuko Louisville, mama na watoto wako Kasulu, na hakuna anayeweza kuwaambia lini. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 ukomo uliwekwa watu 7,500 kwa dunia nzima, na sehemu kubwa ilitengewa Wazungu wa Afrika Kusini. Ofisi za Kentucky, zilizokuwa zikilipwa na serikali kuu, zimepunguza wafanyakazi.

Kwa hiyo tuseme wazi kwa walio nyumbani. Ndugu yako aliye Bowling Green hana uwezo wa kukutoa Zongwe, na dola 50 anazotuma zimekatwa kwenye mshahara wa kusimama mbele ya mkanda wa kuku. Mwombe kwa kiasi. Kesi ya wakimbizi, wakati wote ilipokuwa wazi, haikuuzwa na HCR wala na IOM. Kila hatua yake ilikuwa bure. Sasa milango imebanwa, na matapeli wataongezeka. Atakayekuja kijijini na fomu mkononi, akidai ana nafasi za Kentucky kwa malipo kidogo ya kuandikishwa, ni mwongo. Mpelekeni kwa chifu kabla hajazikusanya pesa za wajane.