Rozela, Ndimu na Magadi

Chemsha rozela kama unavyoichemsha kwa ajili ya juisi, ila usitie sukari. Ikipoa, igawe kwenye glasi tatu, kisha mwite mtoto wa miaka mitano au sita. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili ikamulie ndimu. Kwenye ya tatu usiharakishe: mwoneshe maji uliyoloweka magadi, umwulize, "Unadhani itakuwaje?" Hata akijibu kwamba itageuka maziwa, usimcheke wala usimsahihishe. Mpe kijiko atie mwenyewe, kidogo kidogo. Wekundu utafifia na kuwa zambarau, kisha bluu, na magadi yakizidi juisi itaingia ukijani.

Rangi hiyo ni ya kundi la kemikali ziitwazo anthosianini. Molekuli zake hubadilika umbo kadiri asidi inavyopungua, na umbo jipya hufyonza mwanga kwa namna nyingine. Hayo ni yako mzazi. Mtoto wa chekechea hayahitaji. Yeye inamtosha kujua kuwa kuna vitu vya upande wa ndimu na vitu vya upande wa magadi, na kuwa rozela inaweza kumwonesha kipi ni cha wapi. Akishalijua hilo atataka kupima siki, ukwaju, mtindi, povu la sabuni. Mwache apime. Robert Boyle, mmoja wa waasisi wa kemia, alieleza jaribio la namna hii katika kitabu chake kuhusu rangi mwaka 1664, akitumia sharubati ya maua ya vayoleti.

Kuna wanaopenda zaidi volkano ya povu, siki juu ya soda ya kuokea. Mimi hainivutii sana. Povu linapanda, watoto wanapiga makofi, basi. Na anayesimamia akitangaza "tazameni uchawi!" ndiyo kabisa, kwa sababu uchawi hauulizwi sababu.

Afadhali doa la mchuzi. Kanzu nyeupe ikidondokewa na mchuzi wenye manjano, ukalisugua doa kwa sabuni ya mche, linageuka jekundu la kutu palepale, na mfuaji asiyejua hudhani ameiharibu nguo. Kamulia ndimu: unjano unarudi. Kitambaa chakavu kilichopakwa manjano kinatosha kwa mchezo huu. Usimweleze mtoto kitu. Mtoto aliyecheza na rozela huenda akakuambia mwenyewe kwamba sabuni iko upande wa magadi, na hapo amefanya kazi ya mkemia: ametumia alichokiona kwenye glasi kueleza kilichotokea kwenye nguo.

Mipaka lazima iwepo. Kilichokwisha kuchanganywa hakionjwi, hata kama vyote vilivyotiwa huliwa. Maji ya betri, magadi makali ya kutengenezea sabuni na dawa za choo si vya mtoto, na visihifadhiwe kamwe kwenye chupa za soda. Wewe mwenyewe usichanganye dawa ya choo yenye asidi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Siku ya maharage, bandika sufuria mbili kwa moto unaolingana, moja itie magadi kidogo, nyingine usitie. Mtoto awe anaminya punje ya kila sufuria (wewe uipoze kwanza) hadi agundue ipi imelainika mapema. Itakuwa ile ya magadi, kwa kuwa magadi huilegeza pektini, yaani gundi inayoshikilia seli za mbegu pamoja. Usizidishe lakini: hayohayo magadi huharibu sehemu ya vitamini B1 iliyomo, na yakipita kiasi maharage huwa na ladha ya sabuni.