Chini ya Meza: Nyaya Ziendeshazo Reli ya Mfano

Mtu aingiapo katika ukumbi wenye reli kubwa ya mfano hutazama kwanza yale yaliyo juu ya meza: milima ya plasta, stesheni zenye taa, madaraja, na treni ndogo zipishanazo bila kugongana. Wajuzi wa kazi hiyo huinama. Wao hutaka kuyaona yaliyo chini ya meza, maana huko ndiko yaliko maarifa yenyewe. Reli ya duara moja huweza kuungwa na mtoto kwa nyaya mbili, na ikaenda siku hiyo hiyo. Lakini reli hiyo ikikuzwa hata ikaujaza ukumbi, ikawa na treni ishirini au mia na waendeshaji kadhaa, ndipo yazukapo maswali magumu ya uhandisi wa umeme.

Maswali hayo ni matatu. Treni mbili zilizo juu ya reli moja zitaamriwaje kila moja peke yake? Umeme utafikaje mwisho wa ukumbi bila kudhoofika? Na kitu kikiharibika, je, mtandao wa nyaya utalitangaza kosa lake, au utalificha hadi moto uwake? Tutayachunguza moja baada ya jingine, na msomaji ataona kwamba swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Vipimo

Kipimo kilichoenea zaidi katika kazi hii huitwa H0, ambacho ni moja kwa 87: kila mita 87 za dunia huwa mita moja mezani. Reli yenye upana wa milimita 1,435, kama ile mpya ya Tanzania iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, katika kipimo hicho huwa na upana wa milimita 16.5. Reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita moja, hutoa milimita 11.5, na watengenezaji huikadiria kuwa 12.

Urefu ndio unaoshangaza. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni takriban kilomita 1,250. Ukizigawanya kwa 87 utapata zaidi ya kilomita 14, na hapana nyumba ya mtu iwezayo kuzipokea. Kwa hiyo mjenzi hana budi kuchagua stesheni mbili au tatu na kuyaacha mengine. Hata hivyo, ipo reli ya mfano iliyoupita urefu huo. Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, ndugu mapacha Frederik na Gerrit Braun walifungua mwaka 2001 maonyesho yaitwayo Miniatur Wunderland, ambayo yamekuwa yakipanuliwa tangu hapo. Leo yana zaidi ya kilomita 15 za reli na zaidi ya treni 1,000, zote zikiongozwa kwa kompyuta. Kazi ya ukubwa huo haiwezekani bila majibu timamu kwa maswali yetu matatu.

Swali la kwanza: amri ya kila treni

Katika reli ya kawaida ya mfano umeme hupita katika reli zenyewe. Reli ya kulia hubeba upande mmoja wa umeme na ya kushoto upande wa pili, na magurudumu ya injini huuchukua na kuupeleka kwenye mota. Volti zikiongezwa, treni huongeza mwendo. Chanya na hasi zikibadilishana nafasi, treni hurudi nyuma. Ni mpango mwepesi, lakini una kasoro moja kubwa: injini zote zilizo juu ya reli hiyo hupata umeme ule ule. Ukiiendesha moja, zote zaenda.

Dawa ya kwanza iliyobuniwa ni kuikata reli vipande vipande. Kati ya kipande na kipande huachwa pengo dogo, na kila kipande hupewa nyaya zake na swichi yake. Treni inapovuka kuingia kipande kinachofuata, mwendeshaji hukiunganisha kipande hicho na chombo chake cha kuendeshea. Mpango huo hufanya kazi vizuri, ila nyaya huzaana. Waendeshaji watano na vipande 40 huhitaji njia 200 za maungano, na kila moja yapasa kufungwa na kufunguliwa kwa wakati wake.

Mfano mashuhuri wa mtandao wa namna hiyo ulijengwa na wanafunzi wa chuo cha MIT katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Chama chao cha reli za mfano, Tech Model Railroad Club, kilianzishwa mwaka 1946, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa katika Jengo Namba 20, jengo la mbao lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kubomolewa mwaka 1998. Wanachama waligawanyika kwa mapenzi yao. Wengine walipenda kuchonga mabehewa na kupaka rangi mandhari. Wengine walijiunga na kamati ndogo ya ishara na umeme, na makazi yao yakawa chini ya meza.

Kamati hiyo ilitumia vifaa vya simu. Kampuni za simu za zama zile ziliunganisha mazungumzo ya watu kwa kifaa kiitwacho rile. Rile ni swichi isiyohitaji kidole: mkondo mdogo wa umeme huingia katika koili, koili ikawa sumaku, sumaku ikavuta kipande cha chuma, na chuma hicho kikafunga au kufungua njia ya umeme mwingine. Wanafunzi wale walitambua kwamba kumwunganisha mwendeshaji na kipande cha reli ni kazi ile ile ya kumwunganisha mpiga simu na mtu amtakaye. Hivyo wakafunga rile za simu chini ya meza, na mwendeshaji akazungusha kidude cha nambari cha simu ili kuchagua sehemu ya reli anayoitaka.

Mazoezi hayo hayakuishia kwenye treni. Kuzipanga rile ili zitoe uamuzi sahihi kwa kila hali ni hesabu ya ndiyo na siyo, nayo ndiyo hesabu ya kompyuta. Wanachama kadhaa walipopata nafasi ya kutumia kompyuta za chuo mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuwa wameshaizoea fikra yenyewe. Mmoja wao, Steve Russell, ndiye aliyeongoza wenzake kuutunga mwaka 1962 mchezo wa Spacewar!, mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta.

Dawa ya pili, ambayo ndiyo itumikayo sana leo, iliugeuza mpango wote. Badala ya kugawa umeme kwa kukata reli, reli zote hupewa umeme daima, na amri hutumwa ndani ya umeme huo huo. Kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya 1980 na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 chama cha waundaji wa reli za mfano cha Marekani kiliikubali kuwa kanuni ya pamoja. Umeme hubadilisha uelekeo wake maelfu ya mara kwa sekunde. Nusu ya wimbi ikichukua sehemu 58 za milioni ya sekunde, husomwa kuwa tarakimu moja. Ikichukua sehemu 100 au zaidi, husomwa kuwa sifuri. Kwa moja na sifuri hizo huandikwa amri: kwanza nambari ya injini, kisha jambo la kufanywa, na mwisho tarakimu za kuhakikisha kwamba hapana kilichoharibika njiani. Kila injini ina kifaa kidogo cha elektroniki kinachozisoma amri zote, kikatii ile yenye nambari yake tu.

Amri moja fupi huchukua takriban sehemu sita au saba za elfu ya sekunde, kwa hiyo zaidi ya mia huweza kupita katika sekunde moja. Nazo hurudiwa tena na tena, kwa kuwa vumbi kidogo kwenye gurudumu latosha kuikata. Amri isiyolingana na tarakimu zake za uhakikisho hutupwa. Injini huendelea na agizo la mwisho lililofika salama.

Swali la pili: safari ya umeme

Wengi hudhani kwamba waya ni waya. Hesabu hukataa. Waya wa shaba wenye urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 hivi. Tuseme umeme wa volti 15 unapelekwa mwisho wa ukumbi, umbali wa mita 20, kwa waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake ni omu 1.36. Treni za huko zikivuta ampea 3, volti 4 hupotea njiani, na 11 tu ndizo zifikazo. Tukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, kama ule wa soketi za majumbani, hasara haifikii volti moja.

Reli zenyewe ni wapitishaji wabaya zaidi. Aghalabu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba tupu. Tena kila kiungo cha reli na reli hulegea kadiri miaka ipitavyo. Kwa sababu hiyo mjenzi mwangalifu hulaza nyaya mbili nene chini ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila baada ya mita moja au mbili hupandisha nyaya fupi nyembamba na kuzilehemu kwenye reli.

Swali la tatu: kosa lijitangazalo

Hapa ndipo penye hatari. Treni ikiacha njia, magurudumu yake huweza kuziunganisha reli mbili na kuleta shoti. Chombo cha kuulinda mtandao, tuseme cha ampea 5, chapaswa kuukata umeme mara moja. Lakini ikiwa nyaya ni nyembamba na viungo vimelegea, hata ukinzani wa njia nzima ukafikia omu 4, basi volti 15 zitapitisha ampea 3.75 tu. Mlinzi haoni kosa lolote, kwa kuwa treni nyingi zikienda pamoja huvuta kiasi kama hicho. Wakati huo wati 56 zinageuka kuwa joto, na sehemu yake kubwa huweza kujikusanya mahali pamoja penye mguso hafifu. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kulehemu, iliyoachwa ikiwaka juu ya plastiki, karatasi na mbao kavu.

Kwa hiyo wajenzi wana jaribio moja rahisi. Huchukua sarafu na kuilaza juu ya reli zote mbili, hapa na pale, hadi kona ya mbali kabisa ya ukumbi. Kila mahali umeme ukatike papo hapo. Pasipokatika, kazi ya nyaya haijaisha, hata kama treni zapita hapo vizuri.

Kanuni hiyo yatawala reli za kweli pia. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mpango ambao umeme mdogo wa betri hupita katika reli na kuishikilia rile. Treni ikiingia, magurudumu yake huleta shoti, rile huachia, na ishara ya hatari hutokea. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika au betri ikiisha nguvu, rile huachia vile vile, na treni husimamishwa. Mtambo huo ukiharibika hivyo huelekea upande wa usalama.

Ndiyo maana reli za mfano zimetumika kufundishia watu wa kazi. Kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire ilijenga moja mjini Manchester mwaka 1912 kwa ajili ya kuwafunza washika ishara. Huko Darmstadt, Ujerumani, treni ndogo za kipimo cha H0 huongozwa kwa mitambo halisi ya ishara ya vizazi mbalimbali, kuanzia ile ya levya hadi ile ya kompyuta, na wanafunzi hukosea hapo bila kumwua mtu.

Shule yenye mita kumi za waya, rile nne, taa za tochi na betri yaweza kuanza leo. Walimu wasihimize sana kwamba treni iende, kwenda itakwenda. Wawape wanafunzi swali hili: ukiukata waya huu mmoja, ishara itaonyesha nini? Mwanafunzi awezaye kujibu kabla ya kuukata ameshaanza kuwa mhandisi.